Barua ya wazi: Mama alianzishiwa dawa usiku mmoja, nani alipaswa kuisimamisha?

Kwenu wakuu wa wizara za afya, wakurugenzi wa hospitali, mabaraza ya madaktari, wauguzi na wafamasia, na wenye makao ya wazee.

YAH: DAWA ZA SAIKOSISI WANAZOPEWA WAZEE WENYE DEMENSIA BILA KIKOMO

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa na karatasi moja mkononi. Ni cheti cha dawa cha mama yangu, kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Kuna jina la dawa, haloperidol, moja ya dawa za saikosisi. Kuna dozi. Mbele yake yameandikwa maneno mawili: "aendelee nayo." Haikuandikwa kwa ajili ya nini, wala mpaka lini. Kwa maneno hayo mawili mama alimeza dawa ile kwa miaka miwili na miezi minne.

Nianze kwa kukiri, maana barua ya aina hii hugeuka upesi ikawa mashtaka dhidi ya wengine. Dawa ile niliiomba mimi. Mama alikuwa amelazwa kwa nimonia, na tayari alikuwa na demensia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa miaka kadhaa. Usiku wa tatu wodini aling'oa mpira wa dripu, akampiga muuguzi kofi, akapiga mayowe kwamba kuna watu wamekuja kumwibia binti yake. Binti mwenyewe ni mimi. Nilikuwa nimesimama mbele yake na hanitambui. Nikamwambia daktari wa zamu, "Daktari, mpe chochote, atulie tu." Akampa, akatulia. Nilimshukuru daktari yule usiku ule na namshukuru hata leo. Muuguzi aliyepigwa kofi alikuwa peke yake na wodi nzima, na hakurudisha hata neno kali.

Kwa hiyo sina ugomvi na usiku ule. Ugomvi wangu unaanzia siku zilizofuata, homa iliposhuka na mama akaanza kuuliza chai yake iko wapi. Mzee mwenye demensia akipata maambukizi, akili huweza kuvurugika ghafla ndani ya saa au siku chache, na mara nyingi vurugu hiyo hupungua maambukizi yakitibiwa. Wahusika wote wa pale walilijua hilo. Antibayotiki zilisimamishwa kwa tarehe, dripu ikatolewa kwa tarehe. Dawa ya kumtuliza ikapandishwa gari nasi kurudi nyumbani, na kwenye barua ya kuruhusiwa ikaandikwa aendelee nayo. Daktari wa kliniki aliyempokea hakutaka kugusa kilichoanzishwa na wakubwa wa hospitali. Hospitali nayo ilidhani kliniki itaangalia. Nami nikawa naenda kuichukua kila mwisho wa mwezi kama mtu anayelipa bili ya maji.

Baada ya miezi mitatu hivi mama alianza kuburuta miguu. Mkono wa kulia ukatetemeka akiwa amekaa tu. Uso wake, ambao ulikuwa uso wa mtu wa vicheko, ukakauka. Udenda ukawa unamtoka, akawa anakabwa na maji, analala kitini tangu asubuhi. Alianguka mara mbili. Kila dalili mpya ilipokuja tulitikisa vichwa tukasema ugonjwa unaendelea, na watu wa afya nao wakasema hivyo hivyo. Demensia ni kisingizio kizuri sana, waheshimiwa. Inameza kila lawama unayoitupia, na mgonjwa hawezi kubisha.

Aliyekata mnyororo huo hakuwa daktari bingwa. Alikuwa mfamasia mmoja kijana, siku dawa ilipokosekana mahali pa kawaida nikaenda dirisha jingine. Alikisoma cheti, akanitazama, akauliza: "Dada, hii mama alianzishiwa kwa ajili ya nini?" Nikajibu, "Alikuwa na fujo hospitalini." Akauliza lini. Nilipotaja mwaka alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisiisimamishe ghafla bali nirudi kwa daktari na swali hilo hilo. Nililipeleka kwa watu wanne. Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu sababu yenyewe ilikwisha siku ya tano wodini.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Niliyoyakuta ndiyo yaliyonifanya niwaandikie ninyi badala ya kunung'unika jikoni.

Dawa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya saikosisi, hali ya mtu kusikia au kuona yasiyokuwepo na kushikilia imani zisizo na ukweli, kama ilivyo kwa wenye skizofrenia. Klopromazini ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, haloperidol mwaka 1958, kisha zikafuata zile zinazoitwa mpya: risperidone, olanzapine, quetiapine. Zote huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia mwili kutembea, kugeuka na kuonyesha hisia usoni. Ukiizuia kwa mzee ambaye ubongo wake umeshapungua akiba, unapata mama yangu anayeburuta miguu. Kumeza nako kunakuwa kuzito, na chakula kikipita njia ya hewa kinazaa nimonia. Baadhi ya dawa hizi pia hupunguza kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi, tayari umeipunguza. Yaani mtu anayepoteza kumbukumbu anapewa kitu kinachoweza kuiharakisha ipotee.

Kuna aina ya demensia, ile ya miili ya Lewy, ambayo hii si suala la kuburuta miguu tu. Wagonjwa hao huona watu na wanyama wasiokuwepo, kwa hiyo ndio wanaoonekana kustahili dawa ya saikosisi kuliko wote. Lakini wengi wao, dozi ndogo tu ya haloperidol huweza kuwakakamaza mwili mzima, kuwapotezea fahamu, hata kuwaua. Madaktari wamelijua jambo hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni wangapi miongoni mwenu mna fomu inayomlazimisha daktari wa zamu ya usiku kuuliza kuhusu Lewy kabla ya kuchoma sindano?

Mwezi Aprili 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali kuliko yote inayoweza kuweka kwenye dawa bila kuiondoa sokoni. Ilikuwa imekusanya majaribio 17 ya dawa mpya kwa wazee wenye demensia. Katika majaribio hayo, ambayo mengi yalichukua kama wiki 10, waliomeza dawa walikufa asilimia 4.5, na waliomeza kidonge kisicho na dawa walikufa asilimia 2.6. Wengi walikufa kwa moyo au kwa maambukizi kama nimonia. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa kuhusu dawa za zamani pia, haloperidol ikiwemo. Hatari ya kiharusi ilikuwa imeshajulikana kabla ya hapo. Onyo hilo limechapwa kwenye karatasi ya maelezo. Mimi sikuwahi kuiona karatasi hiyo, kwa sababu vidonge vya mama nilihesabiwa kwenye bahasha ndogo.

Hizo ni wiki 10. Sasa fikirini miaka. Uingereza kulifanyika jaribio, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009, kwa wagonjwa 165 wa Alzheimer walioishi katika makao ya wazee na ambao tayari walikuwa wakimeza dawa hizi. Nusu waliendelea, nusu wakabadilishiwa kidonge kisicho na dawa bila wao kujua. Baada ya miaka miwili, walioendelea na dawa waliokuwa hai bado walikuwa asilimia 46. Walioachishwa, asilimia 71. Jaribio ni dogo, nalijua hilo, na wataalamu wako sahihi kuwa waangalifu nalo. Ila nimekisoma kifungu hicho mara nyingi usiku, na kila mara nahesabu: miaka miwili na miezi minne.

Na faida? Ipo, sitaikana. Kwa ukali wa kupiga watu na kwa hofu za kuona maadui chumbani, risperidone kwa mfano huleta nafuu ndogo kwa baadhi yao. Kwa kuzurura, kuuliza swali lile lile mara 50, kukataa kuoga, kuita jina la marehemu, kuficha vitu chini ya mto, dawa hizi hazina ufanisi wa maana, isipokuwa kumlaza mtu mpaka asiweze kuyafanya. Tukimlaza tunasema ametulia. Ni neno linalohitaji kuchunguzwa, hilo "ametulia." Ni nani aliyepata utulivu pale?

Serikali ya Uingereza ilimwomba Profesa Sube Banerjee, mtaalamu wa demensia, aangalie hali nchini kwake, na ripoti yake ikatoka mwaka 2009. Alikadiria kwamba wenye demensia wapatao 180,000 walikuwa wakipewa dawa hizi kwa mwaka, na kwamba kama 36,000 tu ndio wangepata nafuu. Upande wa pili wa mizani aliweka vifo 1,800 vya ziada na viharusi 1,620 vya ziada, kila mwaka. Serikali ikachukua hatua. Ukaguzi uliofuata ulionyesha kwamba Uingereza wenye demensia waliokuwa wakiandikiwa dawa hizi walishuka kutoka kama asilimia 17 mwaka 2006 hadi kama 7 mwaka 2011. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa katikati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni kwamba wenye madaraka waliuliza, wakahesabu, na wakawaambia madaktari kwamba wanahesabu. Halafu mwaka 2020 Uviko-19 ikafunga milango ya makao ya wazee, ndugu wakazuiwa kuingia, wafanyakazi wakapungua, na maagizo ya dawa yakapanda tena. Hilo linanieleza mengi kuhusu kazi halisi ambayo vidonge hivi hufanya.

Nitaeleza kilichotokea kwa mama, kwa sababu najua mtaniuliza. Daktari mmoja alikubali kumpunguzia kidogo kidogo: robo ya dozi, wiki mbili za kungoja, robo nyingine. Wiki ya sita mambo yakaharibika. Akaanza kukataa chakula, akanisukuma bafuni, akalia usiku. Nilishika simu nimwambie daktari airudishe. Dada yangu ndiye aliyesema, kabla hujapiga, mtazame mdomoni. Kulikuwa na jino la nyuma limeoza mpaka kwenye fizi, na ufizi umevimba. Lilikuwa na muda gani, Mungu ndiye ajuaye. Mwanamke aliyepoteza maneno alikuwa na maumivu na hana pa kuyasemea. Jino liling'olewa, akapewa parasetamo kwa saa zake, na zile fujo zikaondoka.

Wala si kisa cha mama peke yake. Nchini Norwe watafiti walichukua wakazi 352 wa makao ya wazee, wote na demensia na tabia za kuhangaika, wakawapa nusu yao matibabu ya maumivu kwa hatua, wengi wao parasetamo tu. Katika wiki nane mahangaiko yalipungua kwa asilimia 17 ukilinganisha na wenzao. Parasetamo! Maumivu, kufunga choo, maambukizi ya njia ya mkojo, kiu, miwani iliyopotea, kifaa cha kusikia kisicho na betri, chumba chenye kelele, kuogeshwa na mtu mgeni kwa haraka: mzee hawezi kusema lolote kati ya haya, kwa hiyo anarusha mkono. Sisi tunaandika "fujo."

Mama hakupona demensia. Aliacha kutetemeka, akarudi kutembea mpaka mlangoni kwa kushikwa, na uso ukarudi kuwa wake. Midomo ilibaki ikitafuna-tafuna peke yake mpaka mwisho. Hiyo ni alama ambayo dawa hizi huweza kuiacha hata zikishasimamishwa. Alifariki mwaka uliofuata. Sisemi dawa ilimuua, sina ushahidi huo wala siudai.

Najua pia si kila mtu anapaswa kuachishwa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012 lilionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa wamepata nafuu ya kweli kwa risperidone, wakaachishwa, walirudiwa na dalili zaidi ya wenzao walioendelea, hasa waliokuwa wakisikia sauti au kuona vitu. Kuna familia ambazo bila dawa hizi zingeumizwa, na kuna wagonjwa ambao hofu yao ni mateso ya kila saa. Wapewe. Lakini wapewe na mtu anayejua kwa nini, na ambaye atarudi kuangalia. Kuna tofauti kubwa kati ya mgonjwa anayeendelea na dawa kwa sababu mtu ameamua, na anayeendelea kwa sababu hakuna aliyeamua.

Miongozo mnayo. Ule wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu wa akili unasema dawa hizi zisiwe hatua ya kwanza kwa tabia za demensia, na zifikiriwe kwa muda mfupi pale penye hatari ya wazi na ya karibu. Wa Uingereza unataka mgonjwa aangaliwe upya angalau kila wiki 6. Wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, wa mwaka 2016, unasema zisipofanya kazi ndani ya wiki 4 ziondolewe taratibu, na hata zikifanya kazi jaribio la kuziondoa lifanyike ndani ya miezi 4. Mama alizidisha kiwango hicho mara saba na hakuna kengele iliyolia, kwa sababu mwongozo haukai kwenye cheti. Cheti ndicho kinachofika dirishani.

Ninachoomba basi ni kidogo sana na kiko ndani ya uwezo wenu. Kila boksi la dawa lina tarehe ya mwisho wa matumizi. Amrisheni kila agizo la dawa ya saikosisi kwa mwenye demensia liwe nayo: sababu kwa maneno ya kawaida, tarehe ya kuangaliwa upya isiyozidi wiki 6, na jina la mtu atakayeangalia. Tarehe ikipita bila sahihi mpya, mfamasia awe na haki, tena wajibu, wa kumrudisha mgonjwa kwa daktari, akitoa dozi za kumvusha tu ili dawa isikatike ghafla. Kijana yule aliyeniuliza swali alifanya kwa hisani yake. Ifanyeni kuwa kazi yake, na mumlinde pale daktari mkubwa atakapomfokea.

Barua ya kuruhusiwa hospitalini isitoke na dawa hii iliyoanzishwa wakati wa kuchanganyikiwa kwa ghafla, pasipo mpango wa kuishusha. Ndugu waambiwe kuhusu kifo na kiharusi kabla, kwa lugha wanayoielewa. Usiku ule mimi huenda bado ningesema ndiyo, lakini ningejua ninasema ndiyo kwa nini, na ningehesabu siku.

Hesabuni na mchapishe. Ila mkihesabu, muwe macho. Marekani, makao ya wazee yalipoanza kupimwa kwa wingi wa dawa hizi, wenye skizofrenia hawakuhesabiwa, kwa sababu wao wanazihitaji. Skizofrenia huanza ujanani kwa kawaida. Hata hivyo wazee wakaanza kuonekana nayo kwenye mafaili, na Januari 2023 serikali ikatangaza kuyakagua makao yanayoandika utambuzi huo isivyostahili. Takwimu isiyofunguliwa faili lake ni pambo.

Na kuna jambo moja litakalowagharimu fedha, nami sitaki kulificha mwishoni kana kwamba ni dogo: watu. Muuguzi mmoja kwa wodi nzima ya usiku atafika kwenye sindano kila mara, hata awe na moyo wa malaika. Kumchunguza mdomo mzee anayekataa kufungua mdomo kunachukua dakika 20. Kidonge kinachukua dakika moja. Mkiendelea kulipia dakika moja, mtaendelea kupata kidonge.

Kabla hamjaniandikia kwamba suala linafanyiwa kazi, naomba kila mmoja wenu afanye hivi. Chukueni mafaili kumi ya wazee wenye demensia walio chini yenu sasa hivi, myafungue ukurasa wa dawa, na popote mtakapokuta moja ya dawa nilizozitaja, mwulizeni aliye karibu swali la yule mfamasia: huyu alianzishiwa kwa ajili ya nini? Niandikieni majibu mliyoyapata. Cheti cha mama nimekitunza. Atakayetaka kukiona nitakileta mwenyewe.

Wasalaam,

Binti wa mgonjwa